Nguo za mtoto mchanga Nyanda za Juu Kusini: ununue nini, lini na kiasi gani

Mtoto anapozaliwa anatoka kwenye joto la tumbo la mama, nyuzi 37 hivi, tena akiwa amelowa. Kama ni Julai kule Makete, Mufindi au Uyole, hewa ya alfajiri inayompokea inaweza kuwa chini ya nyuzi 10. Mwili wake bado hauwezi kutetemeka kama wetu ili ujipashe joto, na kichwa chake, ambacho ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kinapoteza joto haraka. Ndiyo maana huku kwetu nguo za mtoto si suala la urembo. Mtoto akipoa hunyonya kidogo, asiponyonya sukari ya mwilini inashuka, na akizidi kupoa anaweza kupoteza maisha ndani ya siku za kwanza hata kama alizaliwa mzima kabisa.

Maswali kuhusu nguo hizi yanatufikia sana studio kuanzia mwezi wa tano, baridi inapoanza. Kuna wanaouliza idadi, kuna wanaouliza mitumba, na kuna ambao mama mkwe amekataza kununua chochote kabla mtoto hajazaliwa. Majibu tumeyaweka hapa pamoja. Kama baba ndiye mwenye simu nyumbani, basi baba asome kwanza.

Kununua mapema na hofu ya uchuro

Familia nyingi zinaamini kuwa kununua nguo kabla ya kujifungua ni kumchuria mtoto. Usigombane na bibi kwa hili. Imani hiyo ilijengeka nyakati ambazo watoto wengi walikufa wachanga, na mwenye nguo mkononi bila mtoto aliumia mara mbili. Lakini madhara yake leo tunayaona: mama anafika zahanati usiku na kanga moja tu, ile aliyojifunga.

Njia ya katikati ipo. Kanga na vitenge ni nguo za mama, hakuna anayekataza mwanamke kununua doti ya kanga. Na hizo ndizo zinazohitajika zaidi saa ile ya kujifungua. Nguo zenyewe za mtoto, yaani kofia, soksi na sweta, zinaweza kukaa kwa shangazi au kwa wifi mpaka siku yenyewe. Anza mwezi wa sita wa ujauzito, na mwezi wa saba uwe umemaliza, maana wapo watoto wasiosubiri mwezi wa tisa.

Pesa nayo ina msimu wake. Mahindi yakishavunwa mwezi wa sita na wa saba, mkononi pana kitu. Mama anayetarajia Februari au Machi atajifungua wakati gunia zimepungua na pesa imeishia kwenye mbolea na ada za shule. Huyo anunue kanga mapema, mara tu baada ya kuuza mavuno, hata kama tumbo halijaonekana.

Begi la kituoni

Kwenye begi weka doti mbili za kanga au vitenge vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Kipande cha kwanza ni cha kumkausha mtoto. Kikishalowa kinawekwa pembeni, hakitumiki kumfunikia, na hapa ndipo wengi wanapokosea: mtoto anafungwa kwenye kanga ileile iliyomfuta. Akishakauka anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wanafunikwa kwa kanga kavu, naye anavishwa kofia. Akae hapo angalau saa moja na aanze kunyonya. Kwa hiyo vazi la kwanza la mtoto ni kifua cha mama yake. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe mpaka zipite saa 24.

Ongeza kofia mbili, soksi jozi mbili, fulana mbili, sweta moja, shali au blanketi dogo, na nepi kumi. Vitu vingine kama beseni, mpira wa kutandika na pamba, muulize muuguzi wa kliniki unayohudhuria, kila kituo kina utaratibu wake. Kama umeshaambiwa utajifungulia hospitali ya rufaa, iwe Meta jijini Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, ongeza idadi hiyo mara mbili. Unaweza kukaa siku kadhaa mbali na nyumbani, na pa kuanika nguo ni pa kugombania.

Hesabu ya nepi

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Kiangazi nguo iliyofuliwa asubuhi jioni unaianua. Lakini Tukuyu na Busokelo, kwenye mvua za mwezi wa tatu na wa nne, nguo inakaa kambani siku mbili na bado ni mbichi. Chukua nepi kumi za siku, zidisha kwa siku mbili za kukauka, ongeza chache za akiba: unapata 24. Mwenye jua la kutosha, kama Pawaga au Mbarali, 15 zinamtosha.

Huna haja ya kuzinunua zote dukani. Kipande kimoja cha kanga ukikikata vipande vinne unapata nepi nne, doti moja ni nepi nane, na doti tatu ni nepi 24. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya kwa kazi hii, kwa sababu imelainika na inanyonya maji vizuri. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya iteleze, ifue mara mbili tatu kwanza. Pindo za nepi zishonwe. Uzi unaochomoza unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukakikaba bila mtu kugundua.

Pampasi zina nafasi yake, usiku na safarini. Ukizitumia, badilisha kila baada ya saa tatu nne. Kumwacha nayo usiku kucha ili idumu ndiyo chanzo cha vipele vingi vya makalio. Iwe nepi au pampasi, ikunje mbele ishuke chini ya kitovu, ili kitovu kikauke kwa hewa na kisilowe mkojo.

Nguo nyingine zisikusumbue. Fulana sita, nguo za kulalia za mikono mirefu nne, sweta tatu, kofia tatu, soksi jozi nne mpaka sita, mashali mawili na blanketi moja zito. Yapo maduka yanayouza seti nzima kwenye mfuko unaong'aa, pamoja na viatu. Viatu mtoto mchanga havimsaidii kitu. Hela hiyo nunua soksi nyingine.

Mitumba

Kwa ukweli, nguo nyingi za watoto wetu zinatoka mitumbani, kuanzia Mwanjelwa na Tunduma mpaka Mlandege na minada ya vijijini. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipate soko. Marekani ilitishia kuziondolea nafuu za ushuru, Rwanda pekee ikashikilia msimamo, nchi nyingine zikarudi nyuma. Kwa hiyo mitumba ipo, na kwa mtoto ina faida moja kubwa: imeshafuliwa mara nyingi, ni laini. Ila nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku kuingizwa nchini. Fulana inayogusa ngozi moja kwa moja na soksi bora ununue mpya. Sweta, jaketi na blanketi za mtumba hazina shida.

Angalia namba shingoni. Nguo za Ulaya huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 50, 56, 62. Mtoto anayezaliwa na miezi tisa ana urefu wa kama sentimita 50. Namba 50 itamkaa wiki chache tu, kwa hiyo usirundike. Chukua mbili au tatu za namba 56, nyingine zote 62. Za Marekani huandikwa miezi, 0-3 halafu 3-6, na herufi M. Muuzaji akisema "hii ya mwezi mmoja", pima kwa jicho lako: kutoka kwenye ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kiwiko cha mtu mzima ni kama sentimita 45.

Vuta vifungo kwa nguvu pale pale sokoni, kinachong'oka usikinunue. Kata kamba za shingoni kwenye kofia na majaketi. Nguo zinazofunguka mbele au ubavuni ni rahisi kuliko za kupitisha kichwani, hasa kwa mama aliyejifungua mtoto wa kwanza. Na kitambaa kiwe pamba. Ukitaka kujua, dondoshea tone la maji: pamba hulinyonya, nailoni huliacha likiteleza juu. Sufi na manyoya ya plastiki yakae juu, yasiguse ngozi.

Kumvisha kwa mahali mlipo

Kanuni ya wauguzi ni hii: mtoto avae tabaka moja au mawili zaidi ya mtu mzima aliye naye chumba kimoja. Mama akiwa na blauzi na sweta, mtoto awe na fulana, nguo ya mikono mirefu, sweta na shali. Tabaka nyingi nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu hewa iliyo katikati ndiyo inayotunza joto, na jua likitoka unapunguza moja moja.

Kyela ni habari nyingine. Pale ziwani joto na unyevu vinatosha, na mtoto aliyefungwa blanketi na kofia ya sufi mchana anachemka. Atakuwa mwekundu, atatoka jasho na vipele, na mama atadhani ni homa. Fulana na nepi zinamtosha mchana. Bibi aliyetoka Rungwe kuja kulea Kyela naye aambiwe hivyo, kwa adabu.

Usiangalie mikono peke yake. Gusa tumbo au mgongo, kisha nyayo. Vyote vikiwa na joto, yuko sawa. Tumbo lina joto lakini nyayo ni baridi, ongeza nguo au mweke kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi, hapo ni hatari: mvue, mweke ngozi kwa ngozi kifuani, mjifunike, mnyonyeshe na muende kituoni mkiwa hivyo hivyo. Asiponyonya, akihema haraka kupita mara 60 kwa dakika, au akilegea, usisubiri asubuhi.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha mtoto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Blanketi la pili ni nafuu kuliko hilo jiko. Usiku alale chali, blanketi liishie kifuani, uso uwe wazi. Na mbelekoni pia pua ionekane.

Siku ya kutoka kituoni tenga nauli ya bajaji au gari kama inawezekana. Upepo wa bodaboda asubuhi ya Julai, kutoka Mafinga kuingia vijijini, hupita kwenye shali kama hakuna kitu. Kama bodaboda ndiyo usafiri pekee, msubiri jua lipande, mtoto akae kifuani ndani ya nguo za mama, kofia kichwani, kitenge juu, blanketi juu ya kitenge.

Mtoto njiti

Nguo za kumtosha mtoto wa kilo moja na nusu hazipo sokoni, na hutazihitaji. Yeye huvaa kofia, soksi na nepi tu, akafungwa kifuani kwa mama kwa kitenge, usiku na mchana kadiri iwezekanavyo. Ndiyo njia ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na mashine chache za joto kuliko watoto. Baba au bibi wanaweza kupokezana na mama. Kwa familia hii, vitenge vipana viwili na mashati ya kufunguka mbele ni muhimu kuliko seti yoyote ya dukani.

Kufua, kuanika, kuhifadhi

Kila nguo, mpya au mtumba, ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Sabuni ya mche inatosha, suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kambani juani, usianike juu ya majani wala chini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye udongo. Funza wake huingia kwenye ngozi na kutoa uvimbe kama jipu. Pasi ya moto, ya mkaa au ya umeme, pande zote mbili na kwenye mishono, inamaliza kazi. Nguo zilizokaushiwa jikoni juu ya moshi zipigwe pasi pia, kisha zining'inizwe nje kidogo zitoe harufu.

Nguo za mtoto aliyekua hutunzwa kwa ajili ya mdogo wake, na hapo kuna jambo wengi hawalijui. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo na mende ni hatari kwa mtoto mchanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani kwenye damu, hali ambayo si ngeni katika maeneo yenye malaria kama yetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa vidonge hivyo, au nguo ikimgusa, chembe za damu huvunjika na anapata manjano kali. Kwa kumtazama huwezi kumtambua. Nguo zihifadhiwe zikiwa kavu kabisa, kwenye mfuko uliofungwa vizuri, bila kidonge chochote. Zilizokwisha kukaa nacho zifuliwe na zianikwe juani siku kadhaa, na kama bado zinanuka, zikatwe ziwe matambara ya jikoni.