Madini ya chokaa kwa kuku wanaotaga: uwape nini, kiasi gani na lini

Kama unafuga kuku wa mayai hapa Rubavu, wawe watano nyuma ya nyumba au mia moja bandani, huenda umewahi kuokota yai lenye ganda linalobonyea ukiligusa, au lililopasuka kabla hujalitoa kwenye kiota. Yai la namna hiyo haliuziki. Halifiki soko la Gisenyi likiwa zima, sembuse kuvuka Petite Barrière hadi Goma. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi inaweza kuwa ndani ya kuku mwenyewe. Kuku anayekosa madini ya chokaa, yaani kalsiamu, huendelea kutaga kwa kuyatoa kwenye mifupa yake.

Makala hii inakueleza jinsi ya kumpa madini hayo bila kutumia pesa nyingi na bila kumdhuru.

Kwa nini kuku anayetaga anahitaji chokaa nyingi?

Ganda la yai karibu lote ni chokaa. Kila yai huondoka na takriban gramu 2 za kalsiamu. Kwa kuwa mwili wa kuku hautumii yote anayokula, kuku anayetaga karibu kila siku anahitaji takriban gramu 4 kwa siku.

Sasa angalia chakula tunachowapa. Gramu 100 za mahindi hazina hata robo ya gramu ya kalsiamu. Pumba, ugali uliobaki na maganda ya viazi navyo havina cha kutosha. Kuku akikosa kwenye chakula, hukopa kwenye mifupa. Deni hilo lisipolipwa, maganda huwa membamba, mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa urahisi, na mwishowe kuku hushindwa kusimama.

Je, kuku wako wanahitaji nyongeza?

Inategemea wanakula nini na wana umri gani:

- Wanakula chakula cha dukani cha kuku wa mayai peke yake. Chakula kilichotengenezwa vizuri tayari kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kuku anayekula gramu 110 hadi 120 kwa siku anapata anachohitaji. Usimchanganyie nyingine.
- Unakiongezea pumba ili kidumu. Wengi hufanya hivi bei ikipanda. Ukichanganya nusu kwa nusu, kalsiamu nayo inashuka karibu nusu. Hapa nyongeza ni ya lazima.
- Unachanganya chakula mwenyewe kwa mahindi, pumba na soya. Bila chokaa, mchanganyiko huo hautoshi kabisa.
- Ni kuku wa kienyeji wanaojitafutia. Hawa hutaga kwa kipindi kifupi kisha huatamia, kwa hiyo mahitaji yao ni madogo. Wawekee kidogo kwenye chombo wakati wanapotaga.
- Ni vifaranga au kuku ambao hawajaanza kutaga. Usiwape. Chakula chao kinahitaji kalsiamu ya asilimia 1 hivi tu. Ikizidi sana inaharibu figo zao. Subiri hadi waanze kutaga.

Unaweza kuipata wapi?

Maganda ya mayai. Ni ya bure, na ni chanzo kizuri sana. Ganda moja lina gramu 5 hadi 6, hivyo kuku mmoja anahitaji maganda kama mawili kwa siku. Ukiuza mayai, maganda yanaondoka nayo, kwa hiyo zungumza na wauza chapati, migahawa na wapishi wa sherehe wakuwekee. Maganda ya kuku wa wengine yanaweza kuleta ugonjwa bandani kwako. Yaoshe, yachemshe kwa dakika 10, yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha yaponde hadi yawe madogo kama punje za mtama. Usiwape maganda makubwa ambayo bado yana umbo la yai, kwani kuku hujifunza kudonoa na kula mayai yao wenyewe.

Kombe za baharini zilizopondwa. Hizi hutoka pwani. Huyeyuka polepole tumboni, jambo linalowafaa kuku wanaotaga. Ulizia kwenye maduka ya dawa na vyakula vya mifugo.

Mawe ya chokaa yaliyosagwa. Mara nyingi ni ya bei nafuu kuliko kombe. Nunua yale yaliyotayarishwa kwa ajili ya mifugo, na ukiweza chagua ya punjepunje badala ya unga laini.

Sambaza na unga wa mifupa. Sambaza waliokaushwa wana protini na kalsiamu kidogo kutoka kwenye mifupa yao, lakini peke yao hawatoshi. Unga wa mifupa una kalsiamu pamoja na fosforasi nyingi. Tumia kidogo ndani ya chakula, usiufanye kuwa chanzo pekee.

Tahadhari: si kila chokaa ni ya kuliwa

Neno “chokaa” hutumika kwa vitu tofauti, na kosa hapa linaweza kuua kuku. Chokaa iliyochomwa, inayotumika kupaka kuta au kumwagwa chooni, huunguza mdomo na koo la kuku. Ishwagara inayouzwa kwa ajili ya mashamba inaweza kuwa ya mawe yaliyosagwa tu au ya mawe yaliyochomwa, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Usimpe kuku chokaa yoyote iliyouzwa kwa ajili ya ukuta, choo au shamba, isipokuwa daktari wa mifugo ameiona na kukubali.

Jambo jingine ni mawe meusi ya volkano, yaani amakoro, yaliyojaa kwenye udongo wetu. Vipande vyake vidogo humsaidia kuku kusaga chakula kwenye firigisi, lakini haviyeyuki na kuwa chokaa ya ganda. Kuku anayedonoa changarawe siku nzima bado anaweza kukosa kalsiamu.

Kiasi gani, na lini?

Kwa kuku anayetaga vizuri na ambaye chakula chake hakina chokaa, tenga takriban gramu 10 za maganda, kombe au mawe yaliyopondwa kwa siku. Kwa kuku 10 hiyo ni gramu 100 kwa siku, au kilo 3 kwa mwezi.

Iweke kwenye chombo chake peke yake, mahali pasiponyeshewa. Kuku anayetaga huhisi upungufu na huila kadiri anavyohitaji, na ambaye hatagi huila kidogo. Ukiichanganya kwenye chakula cha wote, kila mmoja analazimika kula kiasi kilekile.

Hakikisha ipo kuanzia mchana hadi jioni. Kuku hutengeneza sehemu kubwa ya ganda usiku akiwa amelala. Punje alizomeza jioni hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi asubuhi. Unga laini hupita haraka.

Usisahau jua

Bila vitamini D, kalsiamu haifyonzwi vizuri hata ukiitoa nyingi. Kuku huitengeneza wakipigwa na jua. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, wafugaji wengi hufunga kuku ndani. Watoe nje jua likichomoza, au acha upande mmoja wa banda uwe na wavu. Jua linalopita kwenye kioo halisaidii. Wanaofungiwa muda wote wanahitaji vitamini kutoka duka la dawa za mifugo.

Wakati ambapo tatizo si chokaa

Kuku mzee hutaga mayai yenye ganda jembamba hata akilishwa vizuri. Lakini ikiwa kuku wengi wameanza ghafla kutaga mayai laini au yaliyopinda, na wanakohoa, wanaharisha kijani au shingo zinapinda, huenda ni kideri, kinachoitwa umuraramo kwa Kinyarwanda, au ugonjwa mwingine wa kuambukiza. Usiuze wala kuhamisha kuku. Mwite daktari wa mifugo wa sekta yako mara moja.

Kuku mmoja aliyeshindwa kusimama lakini bado anakula, mtenge kwenye nyasi kavu, mwekee maji, chakula na chokaa karibu na mdomo. Akiwahiwa, anaweza kusimama tena baada ya siku chache.

Kwa walioko Nkamira au kwenye makazi mengine ya wakimbizi: kabla ya kujenga banda, uliza kwanza uongozi wa kambi mahali panaporuhusiwa kufugia. Na kama jirani yako ana mgahawa nje ya kambi, anza leo kumwomba maganda.