Majengo Yaliyobadili Wenyeji: Kutoka Rosettenville hadi Mazimbu

Banda la farasi likigeuzwa kuwa nyumba ya watu, hakuna anayelalamika, maana farasi hadai kodi wala urithi. Shule ikigeuzwa baada ya wanafunzi wake kufungiwa milango, hilo ni jambo jingine. Mtaa wa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, jirani na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein, una majengo ya aina hiyo ya pili.

Hapo ndipo watawa wa Kianglikana wa Jumuiya ya Ufufuo walipoendesha shule ya St Peter's kwa vijana wa Kiafrika. Oliver Tambo alisoma hapo, kisha akarudi kufundisha hisabati na sayansi. Padre Trevor Huddleston aliisimamia, na ndiye aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ilitaka Mwafrika afundishwe kiasi cha kumfaa mtumishi tu. Watawa walikataa kuitumikia, na mwaka 1956 shule ikafungwa. Miaka miwili baadaye, katika majengo yaleyale, ikafunguliwa St Martin's, shule ya watoto wa Kizungu.

Kisa hiki kinatufikia hata sisi. Huddleston alikuja kuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Tambo aliongoza ANC uhamishoni. Vijana walipoikimbia nchi yao baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, Tanzania ilikipa chama hicho shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, Morogoro. Waliotangulia walikarabati nyumba chakavu za shamba, ndipo wakajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 ANC ilikikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Hivyo basi, tunapoandika historia ya jengo la kale, haitoshi kusema lilikuwa nini na sasa ni nini. Tuulize pia: nani alitolewa ili nani aingie? Rosettenville wenyeji walinyang'anywa shule yao. Mazimbu wageni walikaribishwa, wakajenga, na walipoondoka wakawaachia wenyeji madarasa.