Steki na makaroni ya jibini vimefikaje Kipili?

Ukiingia bucha lolote Tanzania, iwe Kariakoo au sokoni Sumbawanga, muuzaji atakuuliza swali moja: mchanganyiko au steki? Mchanganyiko ni nyama na mifupa yake. Steki ni mnofu mtupu, na bei yake iko juu. Ndiyo maana mtu akinunua steki majirani wanajua tu kwamba leo kuna mgeni, au mshahara umetoka.

Lakini jamani, hebu tujiulize. Huko neno hili lilikotoka, kwa Waingereza, steki si mnofu wowote. Ni kipande kinene kinachopigwa moto mkali kwa dakika chache, na wengi wao hukila katikati kikiwa bado chekundu. Sisi tumelichukua neno, tukakiacha kipande. Steki yetu inakatwa vipande vidogo, inachemshwa hadi ilainike, kisha inaungwa kwa nyanya na vitunguu. Neno limepanda meli, upishi umebaki gatini.

Likizo iliyopita niliwapikia watu wa nyumbani, Kipili, chakula cha usiku: steki ya kukaanga na makaroni ya jibini. Shangazi yangu alichungulia sufuria, akaniuliza: "Baba, hiki chakula ni cha nani?" Hakuwa anauliza nani atakila. Alitaka kujua kimetoka kwa nani. Mimi nikaona hilo ni swali la historia kabisa, na jibu lake haliishii kwenye "cha Wazungu".

Kwa wadau ambao hamjafika, Kipili ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Kwa miaka mingi MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa ziwani Kigoma mwaka 1915, ilikuwa ikisimama hapa ikielekea Kasanga na Zambia. Chakula chetu ni migebuka, dagaa, kuhe, na ugali wa muhogo au mahindi. Nyama ya ng'ombe ni ya sikukuu na misiba. Sasa kwa nini iwe hivyo, wakati juu kidogo tu kuna uwanda wa Ufipa wenye ng'ombe wa kutosha?

Tuanze na ng'ombe

Ramani ndiyo inayojibu kwanza. Ziwa liko kwenye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko kwenye mita karibu 1,800. Huko juu kuna baridi, nyasi, na mbung'o ni wachache. Huku chini kuna joto na vichaka, na vichaka ndiyo nyumba ya mbung'o. Mbung'o anaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilitesa sana kandokando ya ziwa hili, na Wajerumani, kisha Waingereza, walihangaika nayo kwa kufyeka vichaka na kuhamisha watu. Kwa hiyo mtu wa ziwani kuwa mla samaki si uvivu wa kufuga, kama wengine wanavyotutania. Ng'ombe alikuwa hakai.

Hata huko juu mambo hayakuwa mteremko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki kama moto wa nyika. Ugonjwa huu ulioingilia Pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880, katika maeneo mengi uliua ng'ombe tisa kati ya kumi. Wakoloni walipoanza kuandika kwamba fulani "si wafugaji" na fulani "hawali nyama", walikuwa wanaandika juu ya watu waliotoka kuzika mifugo yao. Dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa mwaka 2011 tu. Miaka zaidi ya 120 ya hofu!

Halafu kuna suala la kazi ya ng'ombe. Ufipa ng'ombe ni trekta. Maksai wanavuta jembe na mkokoteni, wanalima mahindi, ulezi na ngano. Ng'ombe pia ni mahari na ni benki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayechinja trekta lake ili ale chakula cha usiku. Anayechinjwa ni yule aliyechoka. Na hapo ndipo upishi wetu unapoeleweka: nyama ya maksai mzee aliyelima miaka mingi, ukiikaanga dakika tatu kila upande, utatafuna hadi kesho. Nyama hiyo inataka maji na muda. Wapishi wa pwani waligundua zamani kwamba papai bichi na majani ya mpapai hulainisha nyama, kwa sababu utomvu wake unavunja protini. Kuchemsha basi ni jibu sahihi kwa ng'ombe tuliyenaye, sijui kwa nini tunaona aibu.

Steki ya Kiingereza inahitaji vitu vitatu: ng'ombe kijana aliyenenepeshwa, chumba cha baridi cha kuning'iniza nyama siku kadhaa ili ilainike, na mnunuzi wa kulipia vyote hivyo. Pwani walikuwa na neno lao kwa nyama ya mgongoni, nyama ya sarara, kwa hiyo kukijua kipande kizuri si elimu ya kuletewa. Kilichokosekana ni baridi na mnunuzi.

Kipande kizuri kilikwenda wapi?

Hapa ndipo mimi ninapopandwa na hasira kidogo, mnisamehe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya nyama na mafuta. Mafuta walikuja kuyatafuta kwenye ule mradi wa karanga wa 1947, uliokufa kifo cha aibu. Nyama waliitafutia kiwanda: Tanganyika Packers pale Kawe, Dar es Salaam, kwa ubia na kampuni ya Liebig. Ng'ombe wa mnadani waliswagwa, wakapakiwa mabehewa, wakaingia Kawe na miguu, wakatoka ndani ya kopo. Baada ya Uhuru kiwanda kikawa mali ya umma, kikaendelea kuuza nje, kisha kikachechemea na kufungwa miaka ya 1990. Leo vijana wa Dar wanajua "Tanganyika Packers" kama jina la viwanja vya mikutano. Nyama imesahaulika.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ilianzisha ranchi za taifa. Rukwa tulipata ranchi ya Kalambo. Wakati huohuo, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, wafugaji wa Kisukuma walishuka na makundi yao hadi bonde la Rukwa wakitafuta malisho, na idadi ya ng'ombe mkoani ikabadilika kabisa. Miaka ya 2000 ikaja SAAFI mjini Sumbawanga, machinjio ya kisasa ya marehemu Chrisant Mzindakaya, mwanasiasa tunayemjua wote. Wazo lilikuwa zuri: acheni kusafirisha ng'ombe, safirisheni nyama. Mradi uliingia kwenye madeni na malumbano, lakini swali lake bado liko palepale. Mkoa wenye ng'ombe unawezaje kukosa steki?

Makaroni nayo

Wengi wanadhani pasta ni ya Waitalia tangu Adamu. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, aliyekuwa akifanya kazi kwa mfalme wa Sicily, aliandika kwamba mji wa Trabia unatengeneza tambi kavu, itriyya, na kuzipakia melini kwenda nchi nyingi za Waislamu na Wakristo. Tambi zilikuwa bidhaa ya meli kabla Italia haijawa nchi.

Na sisi? Tambi za pwani zina heshima yake zamani sana. Mwezi wa Ramadhani nani hajala tambi za sukari, zilizokaangwa kwa samli, zikatiwa iliki na zabibu? Neno lenyewe ni letu: utambi wa taa, tambi nyingi. Mtu aliangalia zile nyuzi akaona tambi za kandili. Kwa hiyo shangazi yangu, aliyekula tambi za futari kwa majirani Waislamu wa Kirando tangu utotoni, alikuwa tayari anaijua pasta. Alichokuwa hajaona ni kuilisha chumvi na jibini.

Makaroni yenye tundu katikati ni habari nyingine. Kwa jirani zetu Wasomali iliingia na ukoloni wa Kiitalia ikabaki kuwa chakula chao cha kila siku, wanaiita baasto. Kwetu ilikuja kwa njia ya maduka na mahoteli. Kuichanganya na jibini ni mtindo wa Ulaya: mwaka 1769 Mwingereza Elizabeth Raffald alichapa pishi lake kitabuni, na mwaka 1937 kampuni ya Kraft ya Marekani ikaanza kuiuza kwenye boksi, enzi za mdororo wa uchumi, kwa sababu ilikuwa rahisi. Mnaona? Chakula tunachokiona cha kishua kilisambaa Marekani kama chakula cha watu waliofulia!

Jibini: hesabu ndiyo inayokataa

Neno jibini tumelipata kwa Waarabu. (Nawashauri mtumie hilo. Ukisema "naomba chizi" mtaani utaonekana unatukana mtu.) Neno tunalo karne nyingi, kitu chenyewe hatuna. Kwa nini?

Piga hesabu. Kilo moja ya jibini ngumu inataka karibu lita 10 za maziwa. Ng'ombe wetu wa nundu, ukimwachia ndama sehemu yake, anakupa lita moja au mbili kwa siku. Unahitaji ng'ombe watano hadi kumi kwa kilo moja, na watoto wasinywe. Babu zetu walichagua mtindi na samli: mtindi unanyweka kesho, samli inakaa miezi bila friji. Kwenye joto letu hilo ni chaguo la akili.

Wengine husema mapadri ndio walioleta vyakula hivi. Wamisionari wa Afrika, White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879 na kuchukua ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885. Magofu ya misheni ya zamani yapo hata kwetu kilimani Kipili. Lakini mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza waseme lugha ya wenyeji, wavae kama wenyeji na wale chakula cha wenyeji. Padri mtiifu alipaswa kula ugali na migebuka kama sisi.

Jibini ya Kitanzania ninayoijua vizuri inatoka Njombe. Huko shirika la CEFA la Italia lilisaidia wafugaji wadogo wenye ng'ombe wa maziwa kupata kiwanda, wakaanza kutoa mozzarella na nyinginezo. Njombe kuna baridi, kuna milima, kuna wafugaji wadogo. Ufipa pia kuna baridi, milima na wafugaji wadogo. Tofauti ni aina ya ng'ombe, mahali pa kukusanyia maziwa, na barabara.

Nilivyopika

Kwa mnaotaka kujaribu: nunua sarara ya ng'ombe kijana, kata vipande vya unene wa vidole viwili, tia chumvi saa moja kabla. Kausha maji, paka mafuta, pilipili manga na kitunguu saumu. Jiko la mkaa liwe limekolea, kikaango kitoe moshi. Dakika tatu upande huu, tatu upande ule. Ukitaka iive kabisa ongeza mbili. Iache ipumzike dakika tano, kisha ikate kukatiza nyuzi zake.

Makaroni chemsha kwenye maji ya chumvi. Pembeni yeyusha siagi, koroga unga wa ngano kijiko kimoja, mimina maziwa kidogo kidogo hadi upate uji mwepesi. Jibini niliibeba kutoka Dar kwenye boksi la barafu. Ukikosa, chemsha maziwa lita mbili, kamulia ndimu, chuja kwa kitambaa safi, kamua. Hiyo haiyeyuki, kwa hiyo ivuruge na uichanganye kwenye uji wenye chumvi ya kutosha. Shangazi alirudishia nyama yake jikoni mara mbili, ila makaroni aliomba tena.

Kwa nini nasumbuka na haya

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu zake zinaeleweka, kila mvuvi mkweli anajua samaki wamepungua. Lakini miezi ile mitatu ilitufundisha kwamba sahani yetu ina mguu mmoja. Mbung'o amepungua kuliko zamani, ng'ombe wa Rukwa wameongezeka, na bado nyama na maziwa ya Nkasi hayashuki ziwani kwa bei ya mvuvi.

Ng'ombe wa Ufipa alilima, akalipa mahari, akapakiwa kwenda mbali. Mara chache sana ameshuka kilima kuja kwetu. Ziwa likifungwa tena, nataka maziwa ya Namanyere yafike Kipili kabla hayajaganda, na mama mwenye watoto wanne aweze kununua nusu kilo bila kusubiri msiba. Iwe steki au mchanganyiko, hilo atachagua mwenyewe. Nyie wa Njombe, Iringa na Tanga mnaouza maziwa kwa ushirika, tuambieni: mlianzia wapi?