Kutoka mbeni hadi malinga: dansi za kambi za Katanga

Tango ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Buenos Aires na Montevideo, katika mitaa ya wahamiaji wa Ulaya, wazao wa watumwa Waafrika na vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi. Hadithi hiyo imesimuliwa dunia nzima. Iliyosahaulika ni ya Lubumbashi ya Katanga, nchini Kongo, mji mwingine uliojazwa wageni kwa haraka, ambako wageni hao walijuana kwa kucheza.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, Septemba 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa. Wafanyakazi walitoka Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Kasai. Baadaye wengine wakaletwa kutoka Ruanda-Urundi. Wengi wao walikuwa vijana wenye mikataba mifupi, wake na wazazi wamebaki vijijini.

Ngoma iliyowafaa watu hao ilikuwa mbeni. Chanzo chake ni pwani ya Kenya, ambako tangu miaka ya 1890 vikundi vya Waswahili vilishindana kwa kuigiza bendi za kijeshi za wazungu. Vita Kuu ya Kwanza iliwachanganya askari na wapagazi wa makoloni mengi, nao wakaisambaza ngoma hiyo bara, hadi kwenye miji ya migodi. Wachezaji walivaa sare, wakajipanga safu na kupiga gwaride. Kila kikundi kilikuwa na vyeo vyake: mfalme, gavana, jenerali, daktari.

Wazungu wengi waliona humo kuiga tu. Hawakutazama vizuri. Cheo cha mbeni kilikuwa na wajibu wake: mwanachama akiugua alitembelewa, akifa alizikwa kwa heshima na wenzake, na mgeni aliyeshuka kwenye treni bila ndugu alipata watu wa kumpokea. Mtu aliyeitwa "boi" tangu asubuhi hadi jioni alikuwa jenerali siku ya ngoma, na watu wakamtii kwa hiari yao. Si ajabu kwamba serikali za kikoloni zilivichunguza vikundi hivyo kwa hofu. Waafrika waliojipangia uongozi wao wenyewe, hata kwa kucheza, waliwatisha watawala kuliko kelele za ngoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha sera yake. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao. Kambi za wafanyakazi zikajaa watoto, na jioni zikabadilika. Safu ya wanaume peke yao haikutosha tena; mume na mke, kijana na mchumba, walitaka kucheza wakitazamana.

Hapo ndipo malinga ilipopata nafasi. Dansi hii ya wawili wawili ilitoka pwani ya Atlantiki na kupanda na reli na meli za mto. Kufikia 1935 dansi za namna hiyo zilikuwa zimeenea kote Kongo. Nyonga ndizo zilizoongoza. Vyombo vilikuwa vya bei ndogo: likembe inayopigwa kwa vidole gumba, chupa iliyogongwa, na patenge, ngoma ndogo ya fremu ambayo mpigaji huibana kwa kisigino ili kubadili sauti. Kodiani nayo iliingia, kama bandoneoni ya Wajerumani ilivyoingia kwenye tango. Tangu 1933 santuri za mfululizo wa GV zilileta muziki wa Kuba, ukiwemo "El Manisero", na masikio yaliyokwisha kuzoea malinga yaliupokea kama jamaa aliyerudi nyumbani.

Katanga, kwa upande wake, ilichagua gitaa. Mwaka 1952, huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean-Bosco, ambaye vidole vyake vilipiga besi na melodi kwa pamoja, naye akiimba Kiswahili. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka. Baadaye yeye na mpiga gitaa mwenzake Édouard Masengo walifanya kazi Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza mtindo wao kwa kuwatazama na kusikiliza santuri zao.

Shirika la UNESCO liliiorodhesha tango mwaka 2009 na rumba ya Kongo mwaka 2021, na zote mbili zilistahili. Mbeni ya kambi za shaba haimo. Vikundi vyake vinastahili kutafutwa katika nyaraka za kampuni na kwa wazee wa mitaa ya Lubumbashi iitwayo Kenya, Kamalondo na Hewa Bora waliosikia habari zake kwa baba zao, kwa sababu humo mna historia ya namna wageni walivyojifanya raia wa mji mmoja kabla sheria yoyote haijawatambua.