Kata ya Mbege, Chupa ya Bia na Gitaa la Dansi

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, ila lisichoshe. Nimechagua pombe na muziki, kwa kuwa ndiyo mambo mawili ambayo wanachama wetu huyajadili kwa moyo wote kila tunapokutana, kabla ya ripoti ya mweka hazina na hata baada yake. Wanafunzi mlioko shuleni mnaruhusiwa kusoma, lakini kwa macho tu. Hapa hamna la kuonja.

Hoja yangu naiweka mapema ili mpenda ubishi apate muda wa kujiandaa. Pombe ya kienyeji, ambayo sisi wasomi wa chupa tumeibeza miaka nenda rudi, ndiyo iliyowapeleka shule baadhi yetu. Na ile bia ya chupa tuliyoikimbilia ndiyo iliyochangia kulilipia dansi tunalolililia leo.

Vijana wetu waliokwenda ng'ambo hurudi na habari za bia zinazopikwa na mafundi wadogo wadogo, kila mmoja kwa namna yake, tena kwa bei ya kuumiza. Huko Marekani wengi huanzia hesabu yake mwaka 1976, Jack McAuliffe alipofungua kiwanda kidogo cha New Albion katika mji wa Sonoma, California. Miaka miwili baadaye, yaani 1978, Rais Carter alitia sahihi sheria iliyomwezesha raia kupika bia nyumbani kwake kwa matumizi yake bila kutozwa kodi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe hadi mwaka ule bwana wa California alikuwa akikatazwa na sheria ya taifa lake jambo ambalo bibi wa Machame alilifanya kila alipokuwa na ndizi za kutosha, wala hakuhitaji sahihi ya rais.

Na asidhani mtu kwamba kazi ya bibi huyo ilikuwa ndogo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, halafu huchujwa. Wakati huohuo ulezi umekwisha kulowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea hicho hupikwa uji, nao uji huchanganywa na maji ya ndizi. Uchungu unatoka katika magome ya mti wa msesewe. Wazungu hutia maua ya hopu katika bia zao, na tangu mwaka 1516 watu wa Bavaria walikuwa na amri ya kutaja vitu vinavyoruhusiwa katika bia. Mchaga alikuwa na msesewe wake na ulimi wa wazee, na ulimi wa wazee ni mkali kuliko amri yoyote. Mbege ya leo ni tamu, ya kesho ni kali, ya keshokutwa ni ya wale wasioambilika. Haingoji msambazaji wala lori.

Kila upande wa nchi una fundi wake. Kagera wana rubisi, ambayo ndizi zake husagwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao na kutiwa mtama uliokaangwa. Iringa wana ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Mtwara wana uraka wa mabibo, na pwani nzima wana tembo la mnazi. Gongo sitalieleza, maana Mkuu wa Shule naye ni msomaji wetu.

Sasa niseme nani alikuwa akipika. Isipokuwa kazi ya kugema, ambayo mara nyingi ni ya wanaume, pombe hizi kwa sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa wanawake. Ilikuwa mojawapo ya njia chache sana ambazo mwanamke asiye na shamba la kahawa kwa jina lake angeweza kupata fedha taslimu. Mzee alikuwa na kahawa au pamba, ambayo fedha yake ilikuja mara moja kwa mwaka na kuondoka mara moja vilevile. Mama alikuwa na pipa. Pipa lilitoa senti kila juma, na senti za kila juma ndizo zinazonunua sanduku la bati, blanketi, daftari na nauli ya basi. Kabla ada za sekondari hazijafutwa katika miaka ya 1960, na tena baada ya kurejeshwa katika miaka ya 1980, pipa hilo lilifanya kazi ambayo hakuna benki iliyokubali kuifanya.

Wakoloni waliiona faida hiyo mapema kuliko sisi. Kule Durban, Afrika Kusini, tangu mwaka 1909 manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka, na faida ikatumika kuendesha utawala wa Waafrika haohao. Mnywaji alilipia polisi aliyemkamata. Mpango wa ajabu, lakini wenyewe waliuona ni wa busara. Nairobi ikaiga, ikafungua kilabu chake Pumwani katika miaka ya 1920, na mama aliyepika chumbani kwake akawa mhalifu. Kosa lake halikuwa pombe. Kosa lake lilikuwa kuuza kile ambacho halmashauri ilitaka kuuza yenyewe.

Bia ya chupa ilikuwa na uzio wake. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa Ruaraka mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst pamoja na mwenzao. Mwaka uliofuata mmoja wa ndugu hao, George, aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, yaani tembo mwenye pembe. (Mswahili wa pwani ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa kwake tembo lilikuwa pombe zamani sana kabla ya hapo.) Lakini Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuinunua bia hiyo mpaka mwaka 1947. Kitu ukikatazwa miaka ishirini na tano, siku utakapokipata hutauliza kama ni kitamu. Utakishika chupani, lebo ikitazama watu. Ndivyo bia ilivyokuwa alama ya ustaarabu na mbege ikawa ya washamba, na mpaka leo yuko mwenzetu anayeagiza bia kwa sauti na mbege kwa kunong'ona.

Na palipo na chupa pakawa na gitaa. Vikundi vya dansi vilikuwapo tangu zamani: Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilianza Morogoro mwaka 1948, wakati santuri za Cuba zilipokuwa zikiwafundisha vijana wetu rumba. Baada ya uhuru mambo yakachukua sura ya pekee. Wanamuziki wengi wa Tanzania wakawa waajiriwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao wakawa na bendi. Mpiga tarumbeta alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani, na vyombo havikuwa vyake.

Mfano ninaoupenda ni Mlimani Park. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na wenzake waliondoka katika bendi ile ya wafanyakazi, wakaunda bendi mpya chini ya shirika la umma la usafiri na teksi. Jina walilitoa katika baa walimokuwa wakipiga. Hebu fikirini: bendi iliyotoa mashairi ya busara, yaliyomfunza mtu namna ya kukaa na mke, jirani na bosi, iliitwa kwa jina la baa! Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ambalo biashara yake ilikuwa kumbi na vinywaji. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wao wa chama cha wafanyakazi wakashika Msondo. Mjini ukaulizwa wewe ni wa Sikinde au Msondo kama unavyoulizwa Simba au Yanga, na jibu la kusitasita halikukubaliwa.

Hesabu ya usiku ilikuwa rahisi. Kiingilio mlangoni, bia mezani. Ndiyo maana kila Juni, Waziri wa Fedha aliposoma bajeti na kupandisha bia na sigara, alikuwa pia anaugusa muziki, ingawa hakuna mbunge niliyemsikia akilisema hilo. Na baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, bidhaa zilipokuwa adimu, bia nayo ikajiunga na foleni ya sukari na sabuni. Swali la mhudumu, "baridi au moto?", likawa swali la anasa, ungeshukuru kwa yoyote.

Pipa la mama halikuijua foleni hiyo. Ndizi haziagizwi kwa fedha za kigeni.

Kiwanda cha bia cha taifa kilichotaifishwa mwaka 1967 kikaingia ubia na wageni mwaka 1993. Redio za watu binafsi zikaanza mwaka uliofuata, vijana wakapata muziki usiohitaji watu kumi na watano jukwaani, na mashirika ya umma yakakoma kununua magitaa. Gurumo alifariki mwaka 2014, akaandikwa magazetini kama alivyostahili.

Kamati yetu inakusanya habari za historia ya shule, na orodha ya wafadhili imekwisha chapwa: misheni, serikali, wakala wa kahawa. Ninawaomba wanachama ambao ada yao ilitoka katika pipa wamwandikie Mhariri, wataje aina ya pombe, kijiji na, wakipenda, jina la mpishi. Nafasi ipo. Mimi nimekwisha kuipeleka barua yangu: ulezi, ndizi, miaka minne.