Kodi Inayomrudia Mfanyakazi: Historia Fupi ya Nafuu ya Kodi Nchini Marekani

Neno kodi tumelizoea katika maana moja: fedha zinazotoka mfukoni mwa raia na kuingia katika hazina ya serikali. Katika Afrika Mashariki maana hiyo ina historia chungu. Wakoloni walitoza kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na mojawapo ya shabaha zao ilikuwa kuwalazimisha watu waache mashamba yao wakatafute kazi ya ujira, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Leo nakualika utazame sheria iliyofuata njia iliyo kinyume. Tangu mwaka 1975, serikali ya Marekani humlipa mfanyakazi wa kipato cha chini kupitia ofisi ile ile inayokusanya kodi.

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Punguzo hupunguza kiasi cha mapato kinachotozwa kodi. Nafuu ya kodi hupunguza kodi yenyewe, baada ya hesabu kukamilika. Wapo wanaoiita "mkopo wa kodi", lakini jina hilo linapotosha, kwani mkopo hulipwa na nafuu hailipwi. Nafuu nazo ni za aina mbili. Chukua mfano wa Kenya, ambako mfanyakazi ana nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Ikiwa kodi yake imekokotolewa kuwa shilingi 2,000, nafuu hiyo inaifuta yote, lakini shilingi 400 zilizobaki hapewi. Hiyo ni nafuu isiyorejeshwa. Katika nafuu inayorejeshwa, salio hilo lingelipwa mkononi mwake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha historia hii, maana mtu maskini kabisa hana kodi ya mapato ya kupunguziwa.

Wazo la kuitumia kodi kuwasaidia maskini lilienea Marekani katika miaka ya 1960. Mwanauchumi Milton Friedman, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alipendekeza kwamba mtu ambaye mapato yake yako chini ya kiwango fulani apokee fedha badala ya kutoa. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon alipeleka mbele pendekezo lililofanana na hilo: familia ya watu wanne isiyo na kipato chochote ipate dola 1,600 kwa mwaka. Baraza la Wawakilishi liliukubali mpango huo mwaka 1970, lakini ulikwama katika Seneti.

Mmoja wa waliouzuia alikuwa Seneta Russell Long wa Louisiana, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti. Long hakutaka serikali imlipe mtu asiyefanya kazi. Hata hivyo, aliona jambo moja ambalo wengi hawakulijali. Mfanyakazi maskini, hata aliposamehewa kodi ya mapato, alikatwa fedha za Hifadhi ya Jamii kuanzia dola yake ya kwanza. Mwaka 1975 makato hayo yalikuwa asilimia 5.85 ya mshahara, na mwajiri alitoa kiasi kama hicho. Kwa hiyo Long akapendekeza bonasi ya kazi, yaani malipo kwa yule tu aliyetoa jasho.

Pendekezo hilo lilipata nafasi wakati uchumi ulipodorora baada ya bei ya mafuta kupanda. Mnamo Machi 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kupunguza kodi, na ndani yake ikazaliwa nafuu ya kodi kwa mapato ya kazi, inayojulikana kwa herufi EITC. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mzazi aliyekuwa na mtoto nyumbani alipata asilimia 10 ya mapato yake ya kazi, hadi dola 400. Aliyepata dola 3,000 kwa mwaka alipewa 300. Aliyepata 4,000 alipewa 400. Baada ya hapo nafuu ilipungua polepole: aliyepata dola 6,000 alipewa 200, na aliyefikia 8,000 hakupewa kitu. Asiyekuwa na mapato ya kazi naye hakupewa kitu.

Sheria hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda mfupi, lakini mwaka 1978 ilifanywa ya kudumu. Mageuzi ya kodi ya mwaka 1986, chini ya Rais Ronald Reagan, yaliiongeza na kuifungamanisha na mfumuko wa bei ili thamani yake isiliwe na miaka. Mwaka 1993, chini ya Rais Bill Clinton, iliongezwa sana, na kwa mara ya kwanza wafanyakazi wasio na watoto nao wakapata fungu dogo. Vyama vyote viwili viliiunga mkono, kwa sababu iliheshimu kazi na pia ilipunguza umaskini.

Lakini mtoto hachagui mzazi mwenye ajira. Mwaka 1997 ilitungwa nafuu nyingine, ya watoto, ambayo kwa miaka mingi haikuzifikia kikamilifu familia zenye kipato kidogo kabisa. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, sharti la mapato liliondolewa kwa mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya miaka 6 aliandikiwa hadi dola 3,600, na wa miaka 6 hadi 17 aliandikiwa hadi dola 3,000. Nusu ya fedha hizo ililipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa kipimo cha Ofisi ya Sensa kinachohesabu pia misaada ya serikali na nafuu za kodi, watoto maskini walikuwa asilimia 5.2 mwaka huo. Mpango ukaachwa ukome. Mwaka 2022 idadi hiyo ikafika asilimia 12.4.

Kuna somo jingine la uraia hapa. Fedha hizi hazimfuati mtu nyumbani. Lazima ajaze fomu ya kodi, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Kwa makadirio ya mamlaka ya kodi ya Marekani, takriban mtu mmoja kati ya watano wanaostahili EITC haidai. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, wakiwemo wakimbizi wengi kutoka Kongo, wamo miongoni mwa wanaohusika na jambo hili. Anayeidai lazima awe na namba ya Hifadhi ya Jamii inayomruhusu kufanya kazi. Wapo wahudumu wa kujitolea wanaojaza fomu bila malipo chini ya mpango uitwao VITA, na aliyesahau anaweza kudai hata miaka mitatu nyuma. Haki usiyoijua ni kama akiba uliyoizika ukasahau mahali.

Mkoloni alitumia kodi kumsukuma mtu kazini. Seneta Long aliitumia kumtunza aliyekwisha kwenda kazini. Katika hali zote mbili, kodi ilibeba maoni ya watawala kuhusu nani anastahili nini. Kwa hiyo usomapo sheria ya kodi ya nchi yoyote, usiangalie viwango pekee. Uliza ni nani anapokea, ni nani anaachwa nje, na kwa hoja gani.

Maswali ya mjadala: Je, msaada wa serikali kwa mtoto utegemee kazi ya mzazi wake? Na katika nchi yako, mfanyakazi wa kipato cha chini hupata nafuu gani ya kodi, na je, hurejeshwa?