Neno «Shamar»: Kutunza, Kulinda na Kuchunga huku Karatu na Ngorongoro

Wageni wengi wafikao Ngorongoro hupenda kuifananisha Kreta, yaani lile bonde la duara lililozungukwa na kuta za mlima, na bustani ya Edeni. Mfano huu una uzuri wake, lakini wausemao mara nyingi husahau kwamba katika Edeni alikuwamo mtu, na ya kuwa mtu huyo alipewa kazi. Kazi yake yaelezwa kwa vitenzi viwili vya Kiebrania, abad na shamar. Cha kwanza maana yake ni kutumika au kulima. Cha pili ndicho tutakachokichungua hapa, kwa sababu chatusaidia kuifahamu historia ya nchi hii.

Maana ya asili ya shamar ni kukaa macho kwa ajili ya mtu au kitu. Kutoka hapo matumizi yake yameenea sana. Ni kazi ya mchungaji kwa kundi lake: ndivyo Yakobo asemavyo na Labani, na katika 1 Samweli 17:20 yule aliyeachiwa kondoo wa Daudi aitwa shomer, yaani mwenye kufanya kazi hiyo. Ni wajibu wa mtu kwa amri na Sabato. Tena ni kazi ya Mungu kwa watu wake. Katika Zaburi ya 121, yenye aya nane tu, mzizi huu watokea mara sita. Kiswahili hakina neno moja liwezalo kuyachukua haya yote. Kwa hiyo wafasiri wa Biblia iliyotolewa mwaka 1952 waliandika kutunza hapa, kulinda pale, na kushika penginepo. Hawakukosea, ila msomaji hawezi tena kuona ya kuwa neno ni lile lile.

Hasara hiyo yaonekana hasa katika sura za kwanza za Mwanzo. Katika 2:15 Adamu yumo ndani ya bustani ili aitunze. Katika 3:24 amekwisha kufukuzwa, na makerubi wamewekwa kuilinda njia. Katika 4:9 Kaini, mkulima, aulizwa habari za Habili, mfugaji, naye ajibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Mara zote tatu kitenzi ni shamar: kwanza ni mtunzaji akaaye ndani, kisha ni mlinzi azuiaye mlangoni, na mwisho ni ndugu awajibikaye kwa ndugu yake.

Tukiyatazama ya huku kwetu, twazikuta maana zote tatu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa ndani yake. Mwaka 1959 zikatengwa. Wamasai wakaondoka Serengeti, na Ngorongoro, yenye kilometa za mraba zipatazo 8,300, ikawekwa iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Hiyo ilikuwa shamar ya kwanza. Lakini mwaka 1974 waliokaa ndani ya Kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikakatazwa, katazo lililolegezwa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2009. Na tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Hapo neno limeelekea maana yake ya pili, ile ya mlangoni.

Maana ya tatu yahusu mpaka wa Karatu. Upande huu ni mashamba ya Wairaqw, waliotoka Mbulu wakaenea kaskazini. Upande wa pili ni msitu, na nyuma ya msitu ni ng'ombe wa Wamasai. Maji ya mkulima hutoka katika msitu ule, na nyati na tembo waharibuo mazao yake hutoka humo pia. Mfugaji naye, kwa kuwa hana ruhusa ya kulima, hula mahindi yatokayo upande huu. Hakuna kati yao awezaye kusema kwamba habari za mwenzake hazimhusu.

Kwa walimu twapenda kutoa shauri moja. Mnapofundisha Mwanzo 2:15, litajeni pia neno kuchunga, ambalo watoto wa huku walijua kabla ya kujua kusoma. Mchungaji hulinda, lakini halindi kwa kukaa mbali. Hutembea pamoja na kundi, naye hupatwa na jua na kiu kama lenyewe. Nabii Hosea, katika 12:12, aviweka vitenzi vile viwili kwa mtu mmoja: Yakobo alitumika, tena akachunga. Basi jembe na fimbo havikuwa adui tangu mwanzo.

Hatusemi kwamba mlango hauhitaji mlinzi. Msitu usiolindwa hukatwa, na chemchemi hukauka. Lakini amri ya kwanza alipewa mtu akiwa ndani ya bustani, na makerubi walikuja baada ya hasara. Atakaye kuitunza nchi hii na akumbuke utaratibu huo, na asilipite swali la Kaini pasipo kulijibu.